Menyu Iliyokumbuka Tulipoishia

Sijawahi kuona kitu kidogo chenye majivuno makubwa kama menyu ya flashi. Flashi yenyewe haina makuu. Ni kipande cha plastiki. Kinaingia mfukoni, kinaanguka kwenye tope la soko la Baraka, unakipangusa kwa kitenge na kinaendelea na kazi. Lakini menyu, yaani kile kidirisha kinachofunguka ukishachomeka flashi ili kikuonyeshe programu ulizobeba ndani yake, hiyo inataka kusifiwa. Inataka uitazame kwanza kabla hujafanya ulilolijia.

Sikuzijua menyu hizi kwa kupenda. Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo ya jamii hapa Baraka, na nimeifanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba kuna watu Lubondja wanaoijua sauti yangu na wangenipita njiani bila kunisalimu. Kazi yangu kubwa ni komunike, matangazo ya watu. Mbuzi amepotea, kadi ya mpiga kura imeokotwa, wazazi wanaitwa shuleni, na zaidi ya yote vifo, lufu kama wazee wetu wanavyosema. Kwetu mtu akifa, familia huleta karatasi redioni, nami naisoma ili ndugu walio vijijini wajue pa kwenda kulia. Wenzangu waliikwepa kazi hiyo. Mimi niliiweza kwa sababu sauti yangu ni kavu. Sisomi kifo kwa kwikwi kama wale wanaodhani msiba wa mtu ni nafasi ya kuonyesha kipaji chao.

Studio ina kompyuta moja. Mkurugenzi, tunayemwita shefu, ameifunga kwa neno la siri analolijua yeye peke yake, na hakuna ruhusa ya kuweka programu yoyote ndani yake. Anasema ni mali ya wafadhili, isichezewe. Kwa hiyo kila mtangazaji alibeba programu zake kwenye flashi: ya kurekodi, ya kukata sauti, ya kupiga muziki, ya kusomea maandishi. Ni programu zisizohitaji kuwekwa. Unachomeka flashi zinafanya kazi, unaichomoa zinaondoka nawe, kama mpishi wa harusi anayekuja na sufuria zake mwenyewe. Na kwa kuwa programu huzidi kuongezeka, mtu anahitaji menyu ya kuziita. Hapo ndipo upuuzi ulipoanzia.

Mwenzangu wa kipindi cha muziki cha adhuhuri alikuwa na menyu aliyoipenda kupita kiasi. Ni mwanamume mzima, baba wa watoto, anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliwahi kwenda Uvira kwa mafunzo mafupi ya kompyuta, akarudi akitaka tumwite enjenya, yaani mhandisi. Nilimwita hivyo mara moja tu, nilipotaka anisaidie kubeba betri ya sola.

Menyu yake ilifunguka taratibu kama pazia la ukumbi, na nyuma yake palikuwa na picha ya mwenyewe amesimama ufukweni, mkono kiunoni. Programu zilizunguka kwa duara. Ukipitisha kipanya juu ya moja inavimba, ukikiondoa inanywea, kama andazi lililotolewa mafutani mapema. Kona moja ilikuwa na saa, ingawa kompyuta ina saa na ukuta una saa. Kona nyingine ilieleza hali ya hewa ya mji wa mbali ambao hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuukanyaga. Huko theluji ilianguka kila siku, hata sisi tukiwa tumelowa jasho, kwa sababu menyu haikuwa na mtandao wa kuijulisha kwamba majira yamebadilika. Na kabla ya yote hayo ilipiga kinanda. Kwenye ile kompyuta yetu kuukuu, tangu kinanda hadi programu ya kwanza kukubali kubonyezwa, mama mwenye kisu kizuri angekuwa amemaliza kumenya muhogo wa chakula cha watu wawili.

Mchungaji wa kipindi cha Jumapili ni mtu mpole, na simcheki kwa uchungaji wake, namcheka kwa menyu yake. Yeye alijaziwa flashi nzima na mpwa wake aliye Bukavu, na huyo mpwa hakuacha kitu. Menyu ilikuwa na mafungu, na ndani ya mafungu mafungu mengine, na humo ndani kulikuwa na mchezo wa karata, na ramani ya nyota, na programu ya kina mama ya kuhesabu siku zao. Mchungaji alikuwa na programu ya kutazama nyota na hakuwa na programu ya kukata sauti. Kila alipoichomeka, menyu ilimwambia kwa Kifaransa kwamba kuna toleo jipya, je, alichukue sasa? Mtandao hakuna. Naye kila mara alibonyeza "baadaye" na kusema Mungu akipenda. Niliwahi kumwuliza kama anajua inaomba nini. Alisema hajui, ila si vizuri kumkatalia mtu moja kwa moja.

Yangu mimi pia sikuipenda, wala sitaki mtu afikiri nilikuwa naipigia debe. Ilikuwa orodha ya kijivu kwenye kona ya chini ya skrini, mbaya wa sura kama risiti ya duka. Majina marefu iliyakata katikati. Haikuwa na picha wala sauti. Unabonyeza herufi ya kwanza ya programu na programu inakuja; unaifunga menyu, programu zote zinafungwa pamoja nayo, na flashi iko tayari kuchomolewa. Kisha inasahau. Kesho ukiichomeka inakutazama kama haijawahi kukuona. Nilikuwa nikiinung'unikia kwa hilo, kwamba hata mbwa wa jirani ananikumbuka.

Mwenzangu alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani. "Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "batu banapenda kitu yenye kuangaza. Hii yako iko sawa karatasi ya kufungia sukari."

Tungeendelea hivyo, kila mtu na upumbavu wake mfukoni, lau si flashi ya mchungaji kuleta virusi. Mafaili yote ya studio yaligeuka njia za mkato zisizofika popote, na wiki nzima tulipiga kaseti za zamani za kwaya. Shefu akatuita. Ni mtu anayelitamka neno teknolojia polepole, kama anayeonja mchuzi. Akasema kuanzia sasa hakuna flashi ya mtu itakayoingia kwenye ile kompyuta. Amenunua moja, mpya, itakayokaa studio, itundikwe kwa uzi kwenye msumari kando ya mlango, na watu wote waitumie hiyo hiyo. Kilichobaki ni kuchagua menyu moja ya wote. Tuketi, kila mmoja aonyeshe yake, tulinganishe.

Nilijiandaa kwa mkutano huo kama mjinga. Nilifikiri kulinganisha ni kulinganisha. Nilipima ipi inafunguka haraka, ipi inakula betri, ipi inaweza kuendeshwa na mtu ambaye jicho moja liko kwenye karatasi na mkono mmoja uko kwenye kitufe cha sauti, maana ndivyo tulivyo tukiwa kwenye antena, yaani hewani. Niliyaeleza yote hayo. Shefu alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mchungaji alichomeka ya kwake, ikaomba toleo jipya, akabonyeza "baadaye", akasema yeye atakubali lolote. Kisha mwenzangu akachomeka yake. Kinanda kikalia. Pazia likafunguka, na nyuma yake haikuwa tena picha ya mwenyewe ufukweni. Ilikuwa picha ya shefu, kwenye kiti chake, na jina la redio juu ya kichwa kwa herufi za dhahabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kile kilikuwa kimetembezwa mpaka sebuleni kwa mwenye nyumba. Pale pale nilijua kwamba tumemaliza kulinganisha.

Lakini mwenzangu alikuwa na sifa moja aliyoiweka ya mwisho, kama mwuza vitenge anayeficha pea nzuri chini ya fungu. Menyu yake ilikumbuka. Ukichomoa flashi na kuichomeka tena, ilifungua yenyewe programu iliyotumika mwisho, na faili lile lile, na kama faili ni sauti ilianza kulipiga papo hapo bila kubonyezwa. Alionyesha mara mbili. Shefu alipiga makofi.

Mimi nikasema hapana. Nilisema menyu ya mtu mmoja inaweza kukumbuka inavyotaka, lakini ya watu wengi inapaswa kufunga mdomo, kwa sababu si kila alichoacha mmoja kinafaa kusikiwa na aliyemfuata, seuze na wilaya nzima. Nikawakumbusha jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Mama hasikii kifo cha mtoto wake redioni. Kwetu neno hilo hupelekwa kwa miguu. Wanateuliwa watu, mwanamume wa ukoo na kina mama wawili, wanakwenda nyumbani kwake, wanaketi, wanaomba maji ya kunywa, wanauliza habari za shamba, na hapo ndipo wanamwambia, kina mama wakiwa tayari wamemshika mikono. Redio husubiri. Familia ikileta karatasi asubuhi hutuambia isomwe lini, na tusipoheshimu hilo hatufai kuwa na mnara. Je, menyu hii inayokumbuka itajua kusubiri?

Mwenzangu alisema komunike husomwa moja kwa moja, hazirekodiwi, basi hofu yangu ni ya bure. Mara nyingi ilikuwa kweli. Shefu alifunga mjadala. "Mama, we unapendaka kupinga," alisema. "Hii moya iko na sura ya radio yetu."

Ilikuwa na sura yake yeye. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, nami nilikuwa nimechoka kusikiliza mvumo wake, nikakusanya karatasi zangu.

Menyu ikaingia kazini, na mwenzangu akaizoea kwa namna iliyonikera kila siku. Kipindi chake kilifunguliwa na kufungwa kwa kipande kile kile cha gitaa. Kwa hiyo kila alipomaliza, kitu cha mwisho kilichotumika kwenye flashi kilikuwa gitaa lake, na kesho yake adhuhuri menyu ilianza nalo. Asubuhi nzima hakuna aliyeigusa flashi, maana mimi nilisoma kutoka karatasini. Basi akajifunza uvivu mpya. Alichomeka flashi, akapandisha sauti ya antena kabla hata pazia halijafunguka, akatoka mlangoni kuzungumza na simu, na gitaa lilianza lenyewe. Jumatatu moja, baada ya mchungaji kuitumia Jumapili, badala ya gitaa ulitoka mwisho wa mahubiri na watu wengi wakisema amina. Mji ulicheka. Shefu alisema ni bahati mbaya, na mwenzangu alisema hata amina ni muziki.

Kila mgeni anayefika kwetu hutuambia kwamba haraka haraka haina baraka, kisha anacheka peke yake. Siku ile ningependa angetokea mgeni mmoja amwambie mwenzangu.

Mjomba wangu alikuja redioni asubuhi. Nilipomwona amevaa koti kabla ya jua kukaza nilijua kuna neno. Mtoto wa mama yangu mdogo, mwanawe wa kiume pekee, alikuwa amefariki hospitali ya Uvira. Alikwenda huko kununua vipuri vya pikipiki, homa ikamshika, na kabla hatujajua kwamba ni mgonjwa alikuwa amekwisha kuondoka. Mama mdogo anaishi Lweba, kando ya ziwa. Nilipokuwa mchanga na mama yangu anaumwa, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Redio yake hukaa dirishani, nayo haizimwi tangu tunapofungua hadi tunapofunga. Majirani wamechoka kuambiwa kwamba huyo anayesoma alimkojolea mgongoni.

Mjomba alikuwa na karatasi. Yeye na kina mama wawili wa ukoo wangepanda pikipiki kwenda Lweba kumwambia, lakini kwanza walimsubiri mmoja wa hao mama aliyekuwa shambani. "Mangaribi ndio usome," aliniambia. "Mbele ya pale, hapana."

Jioni nisingekuwapo. Ningekuwa Lweba, nimeketi chini na wengine. Na hakuna mtu mwingine niliyetaka aisome karatasi ile, kwa hiyo nikafanya nilichokuwa sifanyi: nikairekodi. Nilikunywa maji, nikachomeka flashi, nikasikiliza kinanda cha upuuzi hadi mwisho, nikamtazama shefu na herufi zake za dhahabu, nikafungua programu ya kurekodi. Nilisoma mara moja tu. Sikulia. Niliipiga tena kuhakikisha imeshika, nikafunga kila kitu, nikachomoa flashi, nikaitundika kwenye msumari wake. Kwa shefu niliacha neno kwamba ni ya magharibi.

Nina mtindo wangu wa kusoma vifo, na mwenzangu amenitania kwa ajili yake miaka yote, anasema nafundisha jiografia. Sianzi na jina la marehemu wala la familia. Naanza na vijiji, ili watu wa huko waite wenzao, wanyamazishe watoto, wasogee. Na kijiji cha kwanza ni kile alicho mama wa marehemu. Nilianza kwa Lweba.

Nikatoka uani kufunga mzigo wangu na kusubiri pikipiki. Mjomba na wenzake walikuwa wamekwisha kuondoka. Nje ya ukuta wetu kuna mama anayekaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mwenye redio ndogo aliyoifunga kwa mpira kwenye mti wa mwavuli wake. Adhuhuri ikafika. Kutoka kwenye redio hiyo, mahali pa gitaa, nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Komunike ya kifo. Tunawaomba watu wa Lweba wasogee karibu. Watu wa Lweba, na watu wa Makobola, na watu wa Lubondja..."

Nilikimbia. Mwenzangu alikuwa mlangoni, simu sikioni, mgongo ameuelekeza ndani, anacheka na mtu. Nilimpiga kumbo. Skrini ilikuwa na picha ya shefu, ikitabasamu, na programu zikizunguka kwa duara. Nikaing'oa flashi kwa uzi wake. Antena ikawa kimya. Na yule bwana, ambaye katika maisha yake hajawahi kustahimili kimya, aliingia nyuma yangu, akanyoosha mkono juu ya bega langu na kuweka wimbo wa kucheza kutoka kwenye simu yake. Wimbo wa kucheza.

Jina halikutoka. Nililishika hilo njia nzima ya Lweba, nimekaa nyuma ya pikipiki, vumbi mdomoni. Nilikuwa nimefika Lubondja, baada yake kulikuwa na Fizi na watu wa ng'ambo ya ziwa, kisha ndipo familia, kisha jina. Jiografia yangu ilikuwa imetuokoa. Nilijiambia hivyo mara nyingi; kwamba mimi niliyeipinga kumbukumbu ya menyu ndiye niliyeisahau asubuhi ile, hilo sikujiambia.

Mjomba alinieleza baadaye jinsi walivyomkuta. Njiani waliona kina mama wa Lweba wamesimama milangoni na barabarani, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama amesikia, komunike ni ya nani, mbona imekatika. Mwenye mtoto Uvira, mwenye mtoto Kalemie, mwenye mume ziwani, wote walikuwa wamesimama. Wengine waliikimbilia pikipiki wakidhani imewaletea wao. Mama mdogo walimkuta uani kwake, amekwisha kutandika mikeka, amefunga kitambaa kiunoni, ameketi chini kama mfiwa, miguu ameinyoosha. Wao waliketi kama desturi inavyotaka na kuomba maji.

"Maji iko," aliwaambia. "Lakini museme kwanza."

Nilirudi kazini baada ya mazishi. Nilikuta mwenzangu amejiandaa. Alikuwa ameondoa ule uwezo wa kukumbuka. Kumbe palikuwa na alama moja ndogo ya kufuta, mahali palipoitwa mapendeleo, na hakuwahi kupafungua tangu aipate menyu hiyo aliyotuhubiria. Sasa alijivunia kuifuta kama alivyojivunia kuiweka. Alinipa pole, nayo ilikuwa pole ya kweli, sikatai. Lakini hakuweza kuishia hapo. "Lakini jina haikutoka, Yaya," alisema. "Program ilifanya tu kazi yake."

Shefu naye alisema hakuna aliyejua, kwa hiyo tumshukuru Mungu. Aliuliza kama picha yake ibaki kwenye menyu au watu wataichukulia vibaya. Nilimwambia ibaki. Kila anayeifungua ajue wa kumwuliza.

Nilikuwa nimewadharau wote wawili kwa maneno yao, na huku mimi mwenyewe nikiyategemea maneno hayo hayo ili nilale. Jina halikutoka. Mama mdogo alifunga kitambaa kwa hofu tu, kama ambavyo mama yeyote wa Lweba mwenye mtoto mbali angeweza kufunga. Nilikaa na imani hiyo hadi siku ya kumaliza matanga.

Siku hiyo, watu walipokwisha kula na kuanza kuaga, nilibaki nikiosha sufuria uani. Mama mdogo alikuja akaketi kando yangu kwenye kigoda. Dirishani redio ilikuwepo, mlango wake wa nyuma uko wazi, betri zimetolewa. Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya redio. Nilimweleza flashi, na menyu, na yule mjinga na simu yake, na kwamba angalau nilifika kabla ya jina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sidhani kama alishughulika na lolote kati ya hayo.

"Bamama bote balisimama," alisema. "Banaulizana ni ya nani. Mi nilikaa chini."

Nikamwuliza kwa nini.

"Kila siku unasomaka lufu ya batu, sauti yako inakauka sawa ndagala. Nilikuwa naambia batu, muangalie, ule mutoto nilibeba mugongoni haliake hata kidogo. Ile siku sauti yako ilikuwa na maji. Nikajua ni ya kwetu." Alichukua sufuria mkononi mwangu akaanza kuisugua yeye. "Ungelilia nani, kama haiko mutoto yangu?"

Nilikwenda kuisikiliza. Faili bado lilikuwa kwenye flashi, hakuna aliyelifuta. Nilisubiri kinanda, nikasubiri pazia, nikampita shefu. Sauti yangu inasema watu wa Lweba wasogee karibu, na kwenye neno Lweba lenyewe kwikwi ipo, ndogo, mahali ambapo mimi nilidhani nimemeza mate.

Siku hizi sirekodi kifo cha mtu yeyote. Nasoma kutoka karatasini, moja kwa moja, magharibi, watu wakiwa wamekwisha kufika na kuomba maji. Mwenzangu anasema sauti yangu imezidi kuwa ngumu, wasikilizaji wanalalamika kwamba nasoma misiba kama bei ya muhogo. Ninaifanya hivyo kwa makusudi. Betri mpya nilizompelekea mama mdogo bado zimefungwa kwenye karatasi zake, dirishani, kando ya redio.